Chipukizi Nililoupachika Mgomba Mwekundu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumanne moja, saa tano asubuhi, jua la Kisumu limeshaanza kuuma, nami nimepiga magoti chini ya mgomba wa watu huko Milimani nikipanda uongo kwa mikono yangu miwili. Uongo wenyewe ulikuwa chipukizi la ndizi ya kawaida, lenye majani mawili, ambalo nilikuwa nimelificha ndani ya gunia la mbolea tangu nyumbani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilichimba haraka, nikalisukuma karibu kabisa na shina la ule mgomba, nikashindilia udongo kwa kisigino, nikatandaza majani makavu juu yake ili pasionekane kama pamechimbwa. Halafu nikajipangusa magoti na kuendelea kufagia kama mtu asiye na neno.

Nyinyi mnaniona leo kwenye kitalu changu hapa kando ya barabara, wateja wanashuka kwenye magari wakinionyesha picha kwenye simu, "Mama, nataka hii ya majani mekundu, ya kuweka getini," nami nawajibu bila hata kuinua kichwa. Mnadhani nilizaliwa nikijua. Sikujua kitu. Nilitoka Port Victoria, kwa watu wa samaki, na nilipofika Kisumu ujuzi wangu mkubwa ulikuwa kuparua magamba ya mbuta. Aliyenitia kwenye kazi ya miche ni Mzee Ogolla, mwenye kitalu, mtu mrefu mwenye maneno machache, ambaye akikufundisha jambo leo hatalirudia kesho. Alinifundisha kujaza udongo kwenye mifuko, kupogoa, kumwagilia. Baada ya mwaka akaanza kunituma peke yangu Milimani kila Jumanne kutunza bustani za wateja. Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Mmoja wa wateja hao alikuwa Mama Risper, mwalimu mstaafu, mjane. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Daktari kwa sababu alikuwa akitibu ng'ombe, alikuwa amepanda mbele ya kibaraza mgomba wa mapambo wenye majani makubwa mekundu. Mgomba ule haukuzaa ndizi za kula. Ulikuwa wa kutazamwa tu, na kwa kweli ulitazamika. Jua la asubuhi likipita nyuma ya majani yake, kibaraza chote kilikuwa chekundu, mpaka kikombe cha chai mkononi. Daktari aliuleta ukiwa mche mdogo kutoka safari zake, na siku alipouleta alimwahidi mama yake mzazi, aliyekuwa Seme, mbele kidogo ya Kombewa: ukitoa chipukizi, la kwanza ni lako. Yule mama alikuwa mzee sana, miguu ilishamkatalia safari, na hakuwahi kuuona huo mti ila kwa kusimuliwa. Daktari akafariki mgomba haujatoa chipukizi hata moja.

Ndipo Mama Risper akaniuliza swali lake. Alisimama kibarazani, akaniambia kwamba wakati wa ukumbusho wa marehemu angependa kupeleka mche utokanao na mgomba ule ukapandwe karibu na kaburi huko Seme, mama mkwe auone kabla hajafa. "Sasa wewe mtu wa miche, niambie," akasema. "Kwa nini hii kitu haizai?"

Ningesema sijui. Maneno mawili tu, mwanangu, na maisha yangu yangekuwa mengine. Lakini nilikuwa nimeitwa mtu wa miche. Nikajishika kiuno nikamjibu, "Itazaa tu, Mama. Ndizi ni ndizi. Ilikosa mtu wa kuitunza. Niachie mimi." Kwetu kila mgomba nilioujua ulizungukwa na watoto wake, wengine mpaka unawang'oa kwa hasira. Sikuona sababu ya huu kuwa tofauti.

Nikauwekea samadi, nikauchimbulia, nikaumwagilia. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano. Mgomba ulinenepa ukawa kama pipa, na chini yake pakabaki pasafi. Kila Jumanne Mama Risper alitoka nje akainama kutazama, halafu akanitazama mimi. Hakusema neno baya. Ningependa angesema. Mwezi wa nane aibu ikanizidi, na kwa jirani yangu kulikuwa na migomba ya kula ambayo machipukizi yake machanga huwa na mabaka mekundu kwenye majani. Mabaka hayo hupotea mmea ukikua, jambo ambalo nililijua vizuri sana. Chipukizi moja la hivyo ndilo nikalitia kwenye gunia.

Jumanne iliyofuata nilimkuta Mama Risper ananingoja getini, mikono imejaa unga wa ugali. "Umezaa!" akapiga kelele. "Yawa, umezaa! Mtoto wa Daktari amekuja!" Akanikumbatia na unga wake wote. Alikuwa ameshapeleka habari Seme. Nilicheka naye.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana jambo lenyewe linaanzia hapa.

Miezi hiyo yote Mzee Ogolla alikuwa haendi Milimani kwa sababu ya goti lake. Lilipopata nafuu akapita siku moja barabara ile, na juu ya ua wa michongoma wa Mama Risper akaona ncha ya mgomba. Chini hakuona. Alirudi kitaluni akaniita, akanikalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa. Akaniambia kwamba mgomba ule mwekundu si kama migomba ninayoijua. Hauzai watoto kabisa. Unaishi miaka yake, unachanua mara moja, unakufa wote mpaka chini. Jani linalotoka juu likianza kuwa fupi kuliko lililotangulia, ujue ua liko njiani. Na jani aliloliona siku hiyo lilikuwa fupi.

"Kuna njia moja," akasema. Alijifunza ujanani kwa mtu wa upande wa Ethiopia, ambako mmea huo hulimwa mashambani. Unaukata mgomba ukiwa bado haujafanya ua, karibu na ardhi. Unalichimbua tunguu, yaani ile sehemu nono iliyo chini ya udongo, unautoboa moyo wake, unalifukia tena. Mmea ukishapoteza moyo unatoa machipukizi pembeni, makumi kwa makumi. Lakini ua likishaanza kupanda ndani ya shina, tunguu linatoa nguvu zake zote kulilisha, na hapo hata ukikata hupati kitu. "Mbegu zake ni ngumu kama changarawe, na miche yake mingi inatoka kijani," akaongeza. "Kwa hivyo ni kukata, na ni sasa. Kesho Jumanne nenda umwambie Mama Risper. Mti ni yake, aamue mwenyewe."

Ukumbusho ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Muda ulitosha. Kila kitu kilitosha isipokuwa mimi. Maana nikimwambia Mama Risper kwamba mgomba wake hauzai, lile chipukizi ataniuliza limetoka wapi?

Nilikwenda. Hilo lazima nijipe, nilikwenda mpaka kwake. Nilimkuta amechuchumaa anamwagilia lile chipukizi kwa kikombe, kidogo kidogo, kama anayemnywesha mtoto uji. Nikasimama nyuma yake nikiwa na maneno yote mdomoni. Akageuka akatabasamu, akasema, "Angalia vile ananenepa." Nikasema ndiyo, ananenepa. Nikachukua ufagio.

Niliporudi kitaluni Mzee Ogolla akauliza, "Amesemaje?"

"Amekataa," nikamwambia. "Anasema hawezi kukata mti ya marehemu."

Akasema, "Basi. Mti ni yake." Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kurudia jambo, hakuniuliza tena.

Wiki tatu zilizofuata nisingemtakia hata adui yangu. Jumanne ya kwanza nililipima jani jipya la mgomba kwa macho: fupi kuliko lililotangulia. Ya pili, fupi zaidi. Ya tatu lilikuwa halizidi mkono wangu, limesimama wima pale juu kama kidole kinachoonyesha. Na chini yake lile chipukizi langu nalo lilifungua jani jipya, likatoka kijani kitupu. "Mbona hii haina rangi?" Mama Risper akauliza. "Rangi itakuja, Mama, bado changa," nikajibu, na sauti yangu haikutetemeka, jambo linalonitisha mpaka leo. Nilimchukia Mama Risper kwa kuniamini. Niliwaza kuling'oa lile chipukizi na kusema limeibwa. Niliwaza kurudi Port Victoria kwenye samaki wangu nisionekane tena. Niliwaza kila kitu isipokuwa kusema kweli, nikijiambia pengine Mzee amekosea, pengine majani yatarefuka tena wiki ijayo.

Kilichonivunja ni jambo dogo. Jumanne hiyo ya tatu nikiondoka, Mama Risper alinifuata mpaka getini. Akaniambia mama mkwe wake ameanza kutolewa nje kila asubuhi kwa kiti, anawaonyesha majirani mahali mti wa mwanawe utakapokaa. Ameuliza jina la msichana aliyeufanya mgomba uzae. "Nimemwambia ni Akinyi. Anataka wewe ndio uje kupanda."

Sikulala vizuri siku hizo mbili. Alhamisi, mchana kweupe, nilimwendea Mzee Ogolla akiwa anajaza udongo kwenye mifuko, nikamweleza yote. Hakuniangalia. Aliujaza mfuko aliokuwa nao mpaka juu, akaushindilia kwa vidole, akauweka kando na mingine. Kisha akasema, polepole, "Ya chipukizi ni ujinga, wajinga tuko wengi. Lakini hii nyingine. Mimi nimetuma swali kwa mwanamke aliye na kilio, na wewe umenijibu na mdomo wake. Umemkatalia mti yake na yeye hajui." Akasimama. "Chukua panga. Na jembe."

Tulikwenda kwa miguu, yeye akichechemea mbele, mimi nyuma. Sijawahi kuiona njia ya Milimani ikiwa fupi vile.

Mama Risper alipoona panga akafikiri tumekuja kupogoa. Mzee Ogolla akaniachia niseme mwenyewe. Nikasema nimesimama, maana nilijua nikipiga magoti nitalia naye atanihurumia, na sikustahili. Nilipomaliza, akaenda kwenye lile chipukizi, akalishika shingo akalivuta. Likatoka lote na donge lake la udongo wa mahali pengine. Akalitazama. Akanipa mkononi.

"Mzee, wewe ulijua?" akauliza.

"Hapana, Mwalimu. Mimi niliambiwa umekataa kukata."

"Mimi sikuulizwa." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu. "Sasa, bado iko nafasi?"

"Hatujui mpaka tukate."

Akaketi kwenye ngazi ya kibaraza. Majani mekundu yalimtia kivuli usoni. Nilifikiri atasema tuondoke. Badala yake akasema, "Kateni." Mzee Ogolla akanyoosha mkono apokee panga, naye akamzuia. "Hapana. Akate yeye."

Mwanangu, mgomba ni laini. Panga linaingia bila shida. Nilikata pale Mzee aliponionyesha, chini ya goti, maji yakimwagika miguuni kwangu, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, na mgomba wa Daktari ukalala chini kwa kishindo, majani yake yakifunika ngazi. Mzee akainama juu ya kisiki. Mimi nikainama naye. Alikuwa amenieleza njiani tunachokitafuta: katikati tukikuta majani machanga yaliyojikunja, tumewahi. Tukikuta bua gumu, jeupe, hilo ndilo ua linapanda.

Lilikuwa bua. Jeupe kama mfupa, nene kama kifundo cha mkono wangu.

Akaweka kidole juu yake. "Limepita," akasema. Mama Risper akauliza lina muda gani. Mzee hakutaka kujibu, naye akarudia swali. Ndipo akasema, "Siku kumi. Ama wiki mbili." Na mimi nilikuwa nimenyamaza wiki tatu na siku mbili. Hakuna aliyenigeukia. Hesabu hiyo kila mmoja wetu aliifanya kimya kimya, nayo ni rahisi, hata wewe umeshaifanya.

Hata hivyo tulilichimbua tunguu. Mzee alilitoboa, akalipasua vipande vinne, akavianika kivulini, tukavifukia kitaluni. Kila asubuhi kwa wiki sita nilikwenda kutazama udongo ule kabla sijanawa uso. Wiki ya saba akaniambia nifukue. Nilikuta uji mweusi wenye harufu iliyonikaa puani mpaka jioni. Utaniuliza, si mngetafuta mwingine? Wakati ule mgomba wa aina hiyo hukuuona mjini kila kona kama leo, na hata tungeupata, usingekuwa ule wa mwanawe.

Siku ya ukumbusho Mama Risper alinipeleka Seme. Hakunilazimisha. Aliniambia tu, "Gari inatoka saa moja," nami nikawa pale saa kumi na mbili na nusu. Boma lilikuwa limejaa watu na maturubai, kwaya ya kanisa inaimba. Yule mama mzee alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na kaburi la mwanawe. Mbele yake palikuwa na shimo lililochimbwa vizuri, pana, samadi imeshawekwa chini, na ndoo ya maji kando yake. Hakuna aliyekuwa amethubutu kumwambia.

Mama Risper akanisogeza mbele. "Dana," akamwambia, akimwita nyanya kwa Kiluo, "huyu ndiye Akinyi."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. "Mti iko wapi?" akauliza, akitazama nyuma yangu kama nimeuacha kwenye gari.

Nikamweleza. Nilieleza yote, mbele ya shemeji, wajukuu na watu wa kanisa, na wimbo ulikuwa umekatika. Nilitegemea matusi. Kusema kweli niliyatamani, maana mtu akishakutukana unahisi umelipa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa bado amenishika mkono. Halafu akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu:

"Nyathina, mwanangu, ungekuja na hii maneno mapema, ningekugombeza sana. Ningekugombeza, na ningepata mti. Sasa nikikugombeza, napata nini?"

Akauachilia mkono wangu, akaonyesha lile shimo.

"Funika hiyo."

Mtu akaniletea jembe. Yule mama akatikisa kichwa, nami nikaelewa nitumie mikono. Nikapiga magoti, nikaanza kusukuma udongo ndani kwa viganja, juu ya samadi ile waliyoitafuta, mbele ya boma zima, mpaka pakawa sawa na ardhi nyingine. Alitazama mpaka mwisho. Kisha akaomba arudishwe ndani ya nyumba.

Mwanangu, kuna watu wengi watakaokuambia usiseme uongo. Nami nasema usiseme, lakini nakujua, nilikuwa wewe, na ipo siku utausema. Utaharibu kitu cha watu, utaahidi usichokijua, utajaribu kuficha. Nasaha yangu ni ya siku hiyo. Usikae ukipima aibu yako ni kubwa kiasi gani. Jiulize ni nani anayengoja kitu kutoka kwako, na kitu hicho bado kitaokoka mpaka lini. Kisha nenda ukaseme ungali una cha kumwokolea. Mimi nilisema, ndiyo, nililia, nikasamehewa, na Mama Risper aliendelea kuniita kila Jumanne mpaka alipohamia kwa mwanawe. Lakini kusema kwangu kulinipa nafuu mimi peke yangu. Yule mama wa Seme hakupata chochote kwa kweli yangu. Alikufa mwaka uliofuata bila kuona hata jani moja jekundu, na hilo hakuna msamaha unaolifikia.

Na mteja akikuuliza usilolijua, fungua mdomo useme hujui. Huchukua pumzi moja tu.

Haya, nimekuchelewesha, na miche haijapata maji. Mungu akupe moyo wa kuogopa kwa wakati unaofaa, na miguu ya kukufikisha mlangoni kwa mtu kabla saa yake haijapita. Akujalie watu wakugombeze ungali na la kurekebisha, nawe uyapokee maneno yao kwa shukrani. Mikono yako ipande, na asiwepo atakayekuambia ufukie. Amina.